Dawa ya Kivuva

Msimu uliopita viazi vya akina mama wa Mbooni viliozea ardhini. Muthoki, kiongozi wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana shambani, ndiye aliyekuwa mbele siku ya kuvuna. Jembe lilitoa uji wa kijivu ulionuka kama panya aliyefia ukutani. Harufu ile ilikwama kwenye kucha zake siku tatu, hata ugali akawa anaula kwa kijiko.

Kwa hiyo Oktoba ya 1989, Kivuva, mwenye duka la dawa za shamba pale Nunguni, alipowajia mkutanoni na madebe ya plastiki yenye vifuniko vya kijani, walimsikiliza kwa makini.

"Hii ni fosforasi ya maji, akina mama," alisema. "Nyunyizeni kwa majani tu. Inaua ule ugonjwa wa baridi unaoozesha viazi, na tena inalisha mizizi. Ile mbolea ya DAP ya kupandia muachane nayo. Ya nini kupandisha magunia mlimani na mgongo?"

Kivuva alikuwa mzee wa kanisa. Hakuna aliyemwuliza mbona madebe hayakuwa na karatasi ya maelezo.

Viazi kweli vilisimama vizuri, majani safi. Lakini mahindi na maharagwe, yaliyopandwa bila mbolea yoyote kwenye matuta mengine, yaligeuka zambarau kufikia wiki ya nne. Yalidumaa. Muthoki aliteremka Nunguni kuuliza.

"Ongezeni dawa, mama," Kivuva alimjibu bila kuacha kupanga rafu zake. "Hamjanyunyiza ya kutosha."

Wakaongeza. Kingo za majani zikaungua, na mahindi yakabaki kimo cha goti. Januari Muthoki alibeba shina moja na debe tupu mpaka ofisi ya bwana shamba, kijana mpole aliyeitwa Muthama. Muthama aliliangalia debe, akainuka, akatoa kabatini lingine lenye kifuniko kile kile cha kijani. Hilo lilikuwa na karatasi yake.

"Nisomee," Muthoki alisema.

"Inasema hii ni dawa ya ugonjwa, isitumiwe badala ya mbolea." Muthama aliligeuza shina mkononi. "Mama, kuna fosfati na kuna fosfaiti. Majina yamekaribiana, kazi mbalimbali. Fosfati ndiyo chakula cha mmea, na iko kwa DAP. Hii yenu ni fosfaiti. Inapigana na ugonjwa, lakini mmea hauwezi kuila. Ukiwa na njaa ndio mbaya zaidi, kwa sababu unadanganyika kwamba umeshiba, unaacha hata kutafuta chakula kwa udongo."

"Kama kumnyonyesha mtoto titi kavu," Muthoki alisema.

"Ndiyo, mama. Na huyo aliyebandua karatasi alijua kusoma."

Kutoka hapo Muthoki alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Kivuva. Mahindi ya Kivuva yalimpita kichwa, yamekoza kijani hadi kuelekea weusi, na magunia matupu ya DAP yalikuwa yameanikwa uani. Kivuva alikuwa ameketi anachoma mahindi mabichi na kuyapaka samli. Alimkaribisha kwa furaha, akamtilia hindi mkononi. Muthoki, kwa mazoea ya adabu, aliuma. Lilikuwa tamu, na utamu wenyewe ndio alioshindwa kuumeza. Alitema punje pale pale miguuni pa mwenye nyumba.

"Wewe ulipandia DAP."

Kivuva alifuta mafuta mdomoni kwa kiganja. "Mlitaka kitu kimoja cha kumaliza kila shida. Mimi ni mfanyabiashara, nikawapa. Viazi si vimepona?"

Muthoki aliutazama ule mdomo unaong'aa, mdomo uliowaombea Jumapili mvua iwe ya baraka, akaona kinyaa hata cha kumtukana. Aliondoka. Kisimani alisukutua kinywa mara mbili.

Aliwaeleza wenzake wote. Walikubaliana fosfaiti ibaki ya viazi peke yake, na duka lile wasilikanyage tena. Kabla ya mvua ya Machi, Ndila, mke wa Kivuva, alipanda mlima na punda aliyebeba magunia mawili ya DAP.

"Amesema mmsamehe," alisema, macho chini.

"Arudishe!" Muthoki alifoka. "Mkono wake ndio umeyafunga."

Lakini Mutindi, mwenye watoto sita, tayari alikuwa amefungua gunia la kwanza na anapima kwa mkebe. Wengine walikinga vikapu. Muthoki aliwatazama wakisukumana, akachukizwa nao, wale wale aliolia nao juu ya viazi vilivyooza. Kisha akafikiria ghala lake, lililobaki na debe moja la mtama.

Alikinga kikapu chake wa mwisho. Kesho yake alitia chembe zile kwenye mashimo, akazifunika udongo, akapanda mbegu juu yake. Mahindi yalitoka kijani. Muthoki aliyavuna na watoto wake wakashiba, ila yeye, mwaka ule wote, hakuweza kula hindi la kuchoma.