Saini Tano Pacha

Karani wa usajili wa makampuni alizipanga kurasa tano mezani, akamtazama mwanamke aliyeketi mbele yake pamoja na mdogo wake wa kiume.

"Dada, mkono wako hautikisiki hata kidogo? Saini tano, zote pacha. Hata kitone cha wino kimeangukia palepale."

Mdogo mtu alihisi uso ukiwaka. Alikuwa anasajili kampuni ndogo ya kutengeneza programu za kompyuta, na dada yake ndiye mkurugenzi wa pili. Badala ya kumpelekea fomu, aliinakili saini yake kutoka kwenye barua ya zamani, akaibandika mara tano, kama anavyonakili na kubandika mistari ya programu kila siku.

"Sikutaka kukusumbua," alisema kwa sauti ya chini.

"Injinia," dada alimwita kwa jina la utani la nyumbani, "yaani kalamu ndiyo ingenisumbua?" Akavaa miwani, akasoma bila haraka. Kwenye ukurasa wa nne kidole chake kilisimama. "Hapa wanasema kampuni ikivunja sheria, mkurugenzi anaweza kushtakiwa. Hili ulilisoma?"

Angeweza kukana. "Nililisoma."

"Kabla ya kubandika?"

"Kabla."

Dada alimrudishia karani fomu. "Saini hizi si zangu. Niondoe."

Karani alianza kulikata jina lake, ukurasa mmoja baada ya mwingine. Injinia aliikodolea macho meza.