Mkunjo wa Ramani

Fundi alishona miaka arobaini na mbili, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kutumia futi kutafuta katikati ya mgongo wa koti. Alikunja tu. Bega juu ya bega, anapitisha ukucha kwenye mkunjo, basi, katikati hiyo hapo. Marehemu mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu kwa sababu alifundisha hisabati mpaka akastaafu, hakuacha kumtania. "Wewe na ukucha wako," alikuwa akisema. "Siku moja utakuponza."

Ukamponza kweli, na wala si kwenye koti.

Alikuwa na binti wawili. Mkubwa aliolewa mji wa magharibi, Mdogo akabaki huku mashariki, mitaa miwili kutoka cherehani ya baba yake. Walikuwa hawapikiki chungu kimoja tangu mazishi ya mama yao, miaka sita nyuma, Mkubwa aliposema mbele za watu kwamba mwenzake amefika jeneza limeshafungwa. Neno lenyewe ni hilo tu, jamani. Mdogo akasusa, Mkubwa akagoma kuomba radhi, na kila mmoja akajifanya hana habari kama mwenzake yupo duniani.

Kisha figo za Mkubwa zikafeli. Akawa anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, na daktari hakumficha Fundi: muda uliobaki si mrefu. Fundi akapiga moyo konde. Kabla mwanawe hajaondoka, lazima akae meza moja na mdogo wake.

"Nitakuja, Baba," Mkubwa akasema kwenye simu. "Lakini kwake siendi. Tukutane katikati. Hata hatua moja zaidi yake sipigi."

Mdogo naye, utadhani walipanga: "Katikati, Baba. Asije akasema nimemfuata kujipendekeza."

Fundi akatoa ramani ya Mwalimu, ile yenye miraba na namba pembeni, akaitandaza juu ya meza ya kukatia. Afanye nini tena? Akaikunja. Mji juu ya mji, akapitisha ukucha. Mkunjo ukashuka kutoka juu hadi chini ya karatasi. Miwani ilikuwa chumba cha pili na yeye akaona uvivu kuinuka, kwa hiyo akasoma jina lililoandikwa kwa herufi kubwa tu: mji wa milimani, kaskazini kabisa. Aliujua. Aliwahi kushona mapazia ya hoteli ya kule. Viti vya maana, bustani, mahali pa heshima pa kupatanishia watoto. Akapima kwa futi kila upande, hakuna aliyezidi hata uzi. Alifurahi, maskini.

"Baba, huko kwenye milima ni mwendo wa saa nne," Mkubwa akasema. "Ni yeye kachagua?"

"Nimechagua mimi. Naye ni saa nne, mwanangu. Sawa kwa sawa."

Mkubwa akakubali. "Haya."

Jumamosi akaondoka na gari la kukodi. Saa mbili za kona zilipopita akaanza kutapika, akaishiwa nguvu, dereva akageuza. Kule hotelini Mdogo alikaa na baba yake tangu asubuhi mpaka chai ya tatu ikapoa, na simu haishiki mtandao.

"Kanifanya mjinga," Mdogo akasema, akachukua mkoba wake. Kesho yake alipoambiwa kwamba dada yake aliugua njiani, alijibu "sawa", akazungumzia bei ya vitambaa.

Wiki tatu baadaye Mkubwa akafariki.

Asubuhi ya kwenda kuzika, Fundi alifungua sanduku la Mwalimu kutafuta picha ya mtoto wake, akakutana na daftari. Mwalimu alipenda kuwatungia wanafunzi mifano ya watu wa nyumbani. Ukurasa mmoja, kwa namba za ramani ile ile, uliandikwa: Mkubwa yuko (2, 7). Mdogo yuko (10, 3). Jumlisha, gawa kwa mbili. Katikati ni (6, 5).

Safari hii Fundi alivaa miwani, akaitandaza tena ramani. Akaweka kidole kwenye sita, akapanda mpaka tano, na kidole kikatua juu ya mkunjo wake mwenyewe. Mkunjo haukudanganya. Kila mahali juu yake palikuwa sawa kwa wote wawili, ila pa karibu kuliko pote palikuwa hapo tu, kwenye njia panda, jina lake dogo kama punje ya ulezi. Fundi alikaa sakafuni akajichukia.

Mdogo ndiye aliyeendesha gari. Hata saa moja haijatimia wakafika kwenye njia panda. Pampu mbili za mafuta, benchi, mama mmoja anamimina chai.

"Unataka chai, Baba?" Mdogo akauliza, akipunguza mwendo.

"Hapa ndipo katikati," Fundi akasema. "Hapa ndipo nilipotakiwa kuwaita. Nilikosea mimi."

Mdogo akasimamisha gari. Aliliangalia benchi lile kwa muda mrefu, lilikuwa linatosha watu watatu.

"Hata saa moja haikufika," akasema, na machozi yakamtoka. "Hapa angefika, Baba."

"Angefika."

Akajifuta uso kwa kiganja, akatia gia, akaimaliza nusu ya njia iliyobaki. Walifika jeneza bado liko wazi.