Kufuli Mbili Kwenye Swichi Moja

Msinianze na habari za mizimu. Mimi ni fundi wa shata, ile milango ya chuma ya maduka na maghala inayojikunja juu kama mkeka, na kwa miaka kumi na tisa kitu pekee kilichonitisha ni springi iliyochoka. Mzimu hauwezi kumkata mtu vidole, springi inaweza. Ndivyo nilivyokuwa nikisema, tena kwa sauti, maana mimi ni mtu wa hasira za karibu na sipendi kubishiwa.

Siku hizi sisemi sana. Tangu shemeji afariki, kila ninapopiga kufuli yangu kwenye swichi na kuipa mgongo, nikirudi nakuta kufuli mbili.

Ngoja nieleze, kwa sababu asiye wa kazi hii hataona kwa nini jambo dogo hivyo linikaushe mate. Kabla fundi hajapanda ngazi kushika mota au shafti, ile nguzo ya chuma inayozunguka na kukunja mlango, anazima swichi kuu na kuipiga kufuli, ili asije mtu akawasha wakati mikono ya mwenzake imo ndani. Kila fundi ana kufuli yake. Ufunguo unakaa mfukoni mwake, si mezani, si kwa mlinzi. Mkiwa wawili, kufuli ni mbili, na aliyefunga ndiye anayefungua. Hata kama ameenda chooni, hata kama bosi anapiga kelele, unamngoja. Fundi yeyote mwenye vidole kumi anaijua sheria hiyo.

Shemeji alikuwa mume wa dada yangu mkubwa, na ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mrefu, mpole, na utani haukumwisha mdomoni. Akinikuta nimekaa ananiita mzigo wa ukweni. Mimi nikamwita mwizi wa dada. Alikuwa na tabia moja iliyoniudhi: akikaza springi, alihesabu mizunguko kwa sauti, kama mwalimu wa darasa la kwanza. "Mooja! Mbiili! Taatu!" Nilimwambia anatuaibisha mbele ya wateja.

"Bora nikuaibishe kuliko nikuzike, shemeji," alinijibu.

Kosa letu lilianzia kwenye pakiti. Karakana iliagiza kufuli mpya, zikaja kumi na mbili za bei rahisi, nyeusi, zote sawa kama mapacha. Wiki ya pili tukagundua kwamba ufunguo wangu unafungua kufuli yake, na wake unafungua yangu. Tungezirudisha siku ileile, leo nisingekuwa na la kusimulia. Badala yake tulicheka. Tena tukaona ni afadhali, maana ukisahau ufunguo nyumbani unaazima wa mwenzako. Shemeji peke yake hakulipenda. Alimwambia bosi mara mbili, bosi akasema ataangalia. Basi akafunga uzi mwekundu kwenye kufuli yake ili angalau ajue ipi ni ipi.

Siku yenyewe tulikuwa kwenye ghala la magodoro. Shata ya nyuma, ile pana ya kupitishia malori, ilikuwa inashuka upande. Tulizima swichi, tukapiga kufuli zetu mbili. Mimi nilibaki chini upande wa ndani, nikinyoosha reli na kupaka grisi. Yeye alipanda jukwaa upande wa nje, kwenye kasha la shafti, akaanza kukaza springi. Saa nne asubuhi nikamaliza kazi yangu. Dereva wa lori alikuwa akipiga honi kama mtu aliyeibiwa, na mimi kelele hunipanda kichwani upesi. Nikaita, "Shemeji!" Hakuitika. Nikatazama msumari alipotundika koti lake; halikuwapo. Nikajiambia ametoka kunywa chai na kusahau kufuli yake, yeye ambaye hakuwahi kusahau hata kifuniko cha kopo la grisi.

Sikuzunguka kwenda kutazama jukwaa. Ni hatua kumi na tano. Nilirudi baadaye nikazihesabu. Nilifungua kufuli yangu, halafu nikatia ufunguo wangu kwenye ile yenye uzi mwekundu, nayo ikafunguka bila ubishi. Nikazitia zote mbili mfukoni. Nikawasha swichi. Nilipobonyeza kitufe, honi ilikuwa imenyamaza, na nikamsikia kule juu akisema, "Saaba!"

Ya nane haikuja.

Sitasimulia yaliyofuata. Nitasema tu kwamba shafti ilishika mkono wa koti lake. Alikuwa amelivaa kwa sababu kule nje kulikuwa na upepo.

Wakaguzi wa usalama kazini walikuja na madaftari yao. Wakakuta swichi haina kufuli. Mmoja akaniuliza, kwa upole kabisa, kama marehemu alikuwa amefunga. Kufuli yake ilikuwa imelala mfukoni kwenye paja langu, naihisi kila nikivuta pumzi. Nikasema, "Sikumwona akifunga." Maneno mawili tu. Ripoti ikaandika kwamba marehemu alikiuka taratibu za usalama kwa kutofunga swichi, na karatasi hiyo akapewa dada yangu mkononi.

Msibani kila aliyekuja alisema ajali haina kinga. Ile ilikuwa na kinga, na kinga yenyewe nilikuwa nimeitia mfukoni. Siku ya tatu niliitumbukiza kufuli ya shemeji kwenye shimo la choo, nikasikia ilivyotua. Nikadhani yamekwisha.

Mara ya kwanza ilikuwa dukani kwa muuza dawa. Nilizima swichi, nikapiga kufuli, nikatoka kuchukua ngazi. Niliporudi zilikuwa mbili, na ya pili ilikuwa na uzi mwekundu. Nikafumba macho, nikafumbua, ikabaki moja. Nikasema ni uchovu, nikanywa maji, nikaendelea na kazi.

Mwezi wa tatu ikaacha kuondoka upesi. Niliishika. Ilikuwa ya baridi, nzito, kufuli kama kufuli nyingine. Nikatia ufunguo wangu, ule uliokuwa ukiifungua siku zote, ukakataa kuzunguka. Nikawa nakaa chini mbele ya swichi nikiitazama mpaka itakapoamua kuondoka yenyewe, pengine robo saa, pengine hadi adhuhuri, na juu ya kichwa changu, kwenye kasha tupu, mtu anakohoa kidogo kama anayengoja zamu yake. Niliogopa. Sioni haya kusema. Nilikuwa nalowa jasho mgongoni, mtu mzima na ndevu zangu, kwa sababu ya kipande cha chuma. Bosi akadhani nimekuwa mwangalifu mno tangu ajali. Akanisifu mbele ya mafundi wote. "Mwigeni huyu," alisema. "Hana haraka." Nilitamani ardhi ipasuke.

Lakini kilichoniuma zaidi hakikuwa kazini. Kilikuwa mezani kwa dada.

Dada hakumlilia mumewe kama wajane wanavyolia. Alimkasirikia. Kila asubuhi kwa miaka kumi na mitatu alimwambia mlangoni, "Funga swichi, baba watoto," naye akamjibu, "Nafunga, mama." Halafu ikaja karatasi yenye mhuri inayosema hakufunga. Basi dada akaamua kwamba alidanganywa miaka yote hiyo. Akaitoa picha ya mumewe ukutani. Jina lake akaacha kulitaja. Wale mabinti zake wawili, mmoja ana miaka kumi na miwili na mwingine minane, wakisahau bomba wazi au wakiacha kisu ukingoni mwa meza, alikuwa akiwaambia neno moja tu: "Mnataka kufa kizembe kama baba yenu?"

Mkubwa alikuwa ameanza kulisema na yeye. Nilimsikia akimwambia mdogo wake: mzembe kama baba. Mdogo alibisha kwamba baba alifunga, mama yake akamwambia anyamaze. Nami nimekaa pale, mjomba mtu, mdomo umejaa chakula. Nilikuwa nakimeza.

Mwezi wa kumi na nne, bosi alinituma kwenye ghala la magodoro. Shata ileile, springi imelegea. Nilitafuta udhuru wa kila aina, mgongo, homa, ngazi fupi; akasema hakuna mwingine anayeijua shata ile. Nikaenda. Kulikuwa kweupe, jua kali, watu wanashusha mizigo. Nilizima swichi, nikapiga kufuli yangu, nikaivuta mara tatu. Nikamwambia mlinzi, mzee mmoja mnene asiye na haraka na dunia, asiguse kitu. Nikapanda jukwaa.

Nikatia nondo ya kukazia, nikazungusha mara ya kwanza.

"Mooja," ikasema sauti upande wa pili wa shafti.

Sikugeuka. Ninyi wenye ushujaa wa mdomoni mtasema mngegeuka. Mimi nilizungusha tena, kwa sababu nondo ikishakuwa kwenye springi huwezi kuiachia, inakuvunja mkono. Ikasema mbili. Nikazungusha, ikasema tatu. Haikuwa sauti ya kutisha. Ilikuwa sauti yake ya kila siku, yenye kicheko kwa ndani, na hilo ndilo lililonimaliza. Tukaenda hivyo, mimi nakaza, yeye anahesabu, mpaka saba. Springi ile inataka mizunguko kumi na mmoja. Nilizungusha mara ya nane nikangoja, na palikuwa kimya.

"Sema nane," nilimwambia. "Shemeji, tafadhali, sema nane."

Hakusema. Nikaifunga springi palepale ilipofikia, isije ikafyatuka. Ndipo mlinzi akaniita kutoka chini.

"Fundi! Hii kufuli ya pili ya nani? Yenye uzi?"

Nilishuka nikiwa nimeshikilia ngazi kama mtoto. Mlinzi alikuwa amesimama mbele ya swichi, na kufuli zilikuwa mbili.

"Unaiona?" nilimuuliza.

"Kwani mimi kipofu? Nauliza ya nani, nisije nikalaumiwa. Mwenzako yuko wapi?"

"Niko peke yangu, mzee."

"Acha utani wako, fundi. Mtu anahesabu huko juu tangu saa ile, nimemsikia kwa masikio yangu." Akanitazama usoni, akaona sitanii. "Wewe, kuna nini?"

Nilimwambia aache swichi kama ilivyo, asimruhusu hata mwenye ghala kuigusa, nikaacha na mfuko wangu wa vifaa. Nilitembea kwa miguu hadi kwa dada. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno, namna ya kuanza, namna ya kuitaja honi kwanza ili ionekane honi ndiyo yenye makosa. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa na miezi kumi na minne na nilikuwa bado naitafutia uchochoro.

Dada alikuwa sebuleni anakunja nguo. Aliponiona akasema, "Mbona mapema? Umefukuzwa?"

"Dada, alifunga," nikasema. Yale niliyopanga yote yaliyeyuka. "Shemeji alifunga swichi. Mimi ndiye niliyefungua kufuli yake, kwa ufunguo wangu. Nilidhani ametoka. Halafu nikaificha."

Akaendelea kukunja shati la mtoto mpaka likawa dogo sana.

"Sema tena."

Nikasema tena. Akaniambia niseme mara ya tatu, polepole, nikasema. Nilikuwa nangoja kofi. Nililitaka. Dada yangu ana mkono mzito, na kama angenipiga ningejua pa kuanzia.

"Alifunga," alisema kwa sauti ya chini. Hakuwa akizungumza nami. Halafu akanigeukia. "Nimewafundisha watoto kumdharau baba yao. Kila siku, mezani pangu. Nawe umekaa hapo unakula."

Akalitupa lile shati juu ya rundo la nguo.

"Kesho asubuhi utakwenda kwa wakaguzi, na mimi nitakuwa nyuma yako," akasema. "Ila hawa hawangoji kesho." Akafungua dirisha la uani, akawaita mabinti zake. Wakaja mikono imejaa povu la sabuni. "Simameni hapo. Mjomba wenu ana neno."

Nikawaambia. Kuwaambia wakubwa ni rahisi. Wakubwa hukatiza, hulia, hukusaidia. Wale wawili walisikiliza mpaka mwisho. Mkubwa alifunika uso kwa mikono yake yenye povu.

Mdogo hakunitazama kabisa. Alimtazama mama yake.

"Mama," akasema, "si nilikwambia?"