Kitanda Nilichokibeba Mchana Kweupe

Mimi ni fundi seremala. Hesabu za pembe nilizisoma katika masomo ya jioni, wakati tayari nina watoto watatu, na tangu hapo sijakata ubao kabla ya kupima mara mbili. Mtaa mzima unalijua hilo, kwa kuwa nimelisema mwenyewe mara nyingi.

Mwanangu wa mwisho ana miaka minne katika ndoa na hajapata mtoto. Kwenye arusi ya binamu yake nilimwambia mkewe mbele za watu, "Mkwe, mimi nazeeka. Au mnangoja nife ndiyo mzae?" Watu wakacheka. Yeye akainamisha kichwa, akaendelea kugawa soda.

Nikaona dawa ni kuwatengenezea kitanda cha mtoto. Nilitia gundi kila kiungo, kisifunguke tena. Jumapili asubuhi nikajitwika kichwani, nikaenda kwa miguu makusudi ili nionekane. Kwenye kona, kinyozi aliacha kichwa cha mteja nusu.

"Hongera, mzee. Bado miezi mingapi?"

"Wewe nyoa," nikamjibu. Sikukana.

Chumbani kwao sikuwahi kufika. Miaka yote minne walikuwa wakija wao kwangu. Mkwe alipofungua, mlango uligonga kitanda chao, ukaishia hapo. Kati ya kitanda na ukuta palikuwa na jiko, madumu ya maji na kamba ya nguo. Macho yangu yenyewe yakapima chumba, kwa mazoea. Mzigo wangu usingeingia hata ukisimamishwa wima.

Mwanangu alikuwa amelala, katoka lindoni alfajiri.

"Karibu, Baba," mkwe akanong'ona. "Ngoja nimwamshe."

"Mwache alale. Kwani nyinyi mnaonana saa ngapi?"

"Mimi nikitoka kiwandani jioni, yeye anaingia lindo. Tunaonana Jumapili, akiamka." Akatabasamu kidogo. "Kitanda tunapeana zamu."

"Na ukipata mimba, kiwandani si watakupa likizo?"

"Mikataba yetu ni ya miezi mitatu mitatu, Baba. Akionekana mtu na tumbo, wake hauongezwi. Na mshahara wa lindo unaishia kwenye kodi." Akapitisha kiganja ukingoni mwa kitanda nilichokitua mlangoni, pale nilipopiga msasa siku mbili. "Ni kizuri. Mtoto tunamtaka, Baba. Tulimtaka tangu mwaka wa kwanza."

Nikazikumbuka zile soda.

"Siku ile ya arusi, mwanangu..." nikaanza.

"Yalishapita," akasema, lakini hakunitazama usoni.

Nikamwambia kitanda kitakaa kwangu mpaka watakapokihitaji, na kwamba sitauliza tena. Nikajitwika. Njia ya kurudi ilikuwa ileile, na sasa benchi la kinyozi lilikuwa limejaa.

"Mzee, mbona unarudi nacho? Mkwe kakikataa? Au mle tumboni hamna kitu?"

Benchi likacheka, kicheko kilekile cha arusini. Nikakitua chini ili wanisikie vizuri.

"Kosa ni langu," nikasema. "Nimekitengeneza bila kupima chumba."

"Wewe? Mzee wa kupima mara mbili?"

"Mimi."

Walicheka mpaka kinyozi akazima mashine. Safari hii walikuwa wakinicheka mimi. Nikasimama pale nikangoja wamalize, ndipo nikakibeba kitanda changu.