Kaka Hajanyolewa

Baba alichungulia ndani ya kikombe cha bati, akaguna, akasema, "Hilo la kufulia."

Nikamwaga. Lilikuwa povu la pili asubuhi ile, na kusema kweli hakunionea: mapovu makubwa yanayopasuka ukiyatazama, maji mengi, sabuni kidogo. Tulikuwa uani kwetu Mfaranyaki, mjini Songea, yeye kwenye kigoda, kioo chake kimeegemezwa juu ya kiti mbele yake, birika la maji ya moto miguuni pangu. Ilikuwa Ijumaa. Jumapili baada ya misa mdogo wangu Leo angekuja na vijana wawili wa nguvu, wamshike baba wamnyoe kwa lazima.

Sikutaka kuliona hilo. Baba alikuwa na kidonda chini ya kidevu, kinatoa maji, kimefichwa na ndevu, na muuguzi alishasema dawa haitafika mpaka ndevu zinyolewe. Leo si mkatili. Aliogopa kama nilivyoogopa mimi, ila hofu yake ilikuwa ya haraka. "Dada, akizidiwa tutasema nini?" aliniuliza kwenye simu. Nilichojua ni kwamba baba yangu, mzee Hironimus, mtu aliyejinyoa kila asubuhi hata akiwa na homa, hakustahili kuwekewa magoti kifuani na watoto wa watu.

Tatizo halikuwa wembe. Tatizo lilikuwa kioo. Tangu akili ianze kumtoroka, baba alikuwa akimwona humo kaka yake, Joachim, aliyekufa zamani. Alimwamkia kila alfajiri, shikamoo kaka, akanyamaza kama mtu anayesikiliza, halafu akacheka taratibu. Mwanzoni nilicheka naye. Baadaye nikaanza kuamshwa na mlio wa brashi yake ya kunyolea ikizungushwa kikombeni, krr, krr, nikienda namkuta baba amelala fofofo na brashi imelowa ndani ya kabati. Nilijiambia ni umande. Songea ina baridi yake, sikatai, lakini umande hauingii kabatini.

Brashi ile ilikuwa ya baba mkubwa Joachim. Alipewa kwenye monasteri ya Hanga na mtawa mmoja aliyekuwa akimlimia bustani, pamoja na kikombe, na ndiye aliyemfundisha baba kukoroga povu. Miaka ile watu walipokimbilia Tunduru kuchimba mawe ya thamani, nao walikwenda, wote wawili. Joachim alishuka shimoni, baba akabaki juu ameshika kamba. Shimo likaporomoka, na kamba alipoivuta ikaja nyepesi. Nilikuwa msichana mdogo aliporudi nyumbani peke yake, ndevu zimemjaa uso, brashi kaiviringisha ndani ya shati.

Kwetu maiti hunyolewa kabla hajazikwa. Na siku ya kuanua matanga wafiwa nao hunyolewa, wanaume kwa wanawake, ndevu na nywele, kwa kufuata ukubwa, mdogo hamtangulii mkubwa. Joachim hakupatikana wa kunyolewa. Wazee wa ukoo walivumilia, wakachoka, mwisho wakamkalisha baba wakamnyoa, yaishe. Hakubisha. Nilikuwa mlangoni nikamsikia akisema, "Mmeanza na mdogo." Akaondoka hapo akaendelea kuishi, akatulea, akajinyoa kila asubuhi kwa brashi ya kaka yake, na jina la Joachim halikutajwa tena kwetu.

Sasa mengine yote yalikuwa yamemwondoka, majina yetu, kanisa, hata mama yetu marehemu, ikabaki siku ile moja. Kila nilipomsogelea na wembe alinyoosha kidole kwenye kioo. "Kaka hajanyolewa," alisema. "Nitanyolewaje mimi kabla yake?"

Nikaanza povu la tatu. Safari hii nilijilazimisha kukumbuka mikono yake ilivyokuwa ikifanya. Niliiacha brashi kwenye maji ya moto mpaka manyoya yakalegea, nikaikung'uta vizuri, nikaisugua juu ya sabuni mpaka ikaanza kunata. Maji niliyatia kwa ncha za vidole, tone, halafu tone tena, huku nakoroga. Mkono uliniuma. Kidogo kidogo mlio ukabadilika, ukaacha kuchapachapa, ukawa mzito na wa chini, na ndio mlio niliokuwa nikiusikia alfajiri. Povu likatulia, jeupe, zito, ukiinua brashi linabaki limesimama.

Baba alichungulia. Alichukua brashi mkononi mwangu, na vidole vile, ambavyo siku hizo vilishindwa hata kufunga kifungo, vikaishika barabara. Nikashusha pumzi. Kisha akainama mbele akaanza kupaka kioo.

Alimpaka shavu, taya, juu ya mdomo, kwa mizunguko midogo ya upole, mpaka kioo kizima kikawa cheupe. Akarudi nyuma, akafumba macho.

"Mnyoe polepole, mama," aliniambia. "Mawe yalimuumiza."

Nilisimama nyuma yake, nikainama juu ya bega lake, nikapitisha wembe. Ukanda wa kwanza ulipotoka, likatokea jicho. Lilikuwa wazi, linanitazama. Nikamgeukia baba: amefumba yote mawili, kama mtu aliye kwenye sala. Nilitaka kutupa wembe nikimbilie barabarani kwenye bodaboda na watu. Lakini kumwacha mtu amenyolewa nusu niliona ni vibaya zaidi. Nikamwamkia kimoyomoyo, shikamoo baba mkubwa, nikaendelea. Nilinyoa shavu, nikanyoa taya, nikanyoa chini ya kidevu. Pale chini ya kidevu hapakuwa na kidonda.

Nilipofuta povu la mwisho baba alifumbua macho. Alikitazama kioo kwa muda. Humo sasa mlikuwa na mzee mwenye ndevu chafu, amechoka, kidonda kinachungulia, na mimi nyuma yake nalia.

"Huyu ni mimi," alisema. "Haya, ninyoe."

Povu lililobaki kikombeni lilitosha.

Jumapili Leo alikuja na vijana wake, akamkuta baba anakunywa uji, kidevu cheupe kwa dawa. Aliwanunulia vijana soda, akawaaga, akaenda kulia nyuma ya nyumba. Nilimweleza kuwa mzee alikubali mwenyewe. Habari ya jicho sikumwambia, na sijamwambia mpaka leo.

Baba alifariki mvua za mwaka uliofuata, kidonda kimeshapona, usingizini. Alinyolewa, akazikwa. Siku ya kuanua matanga mkubwa wa nyumba nilikuwa mimi, kwa hiyo wa kwanza nilikuwa mimi. Nilikoroga povu mwenyewe. Leo alishika wembe, wazee wamekaa wanangoja.

"Tayari, dada?"

Nikamwomba asubiri kidogo. Nilikivuta kioo cha baba karibu, nikatazama kwa makini kama kuna mkubwa yeyote aliyebaki wa kunyolewa kabla yangu. Hapakuwa na mtu. Nilikuwa mimi tu, na mlango wa jiko nyuma yangu. Wiki zote zile tangu mazishi nilikuwa nimeiogopa dakika ile, na ilipofika niligundua nilikuwa nimekuja kumtafuta baba. Nililia mbele za watu bila aibu. Kisha nikampa Leo brashi, nikamwambia aanze.