Presha ya Wifi

Fundi wa nguo alikuwa mjane mcha Mungu, mwenye cherehani moja na jicho moja linalofanya kazi. Jicho la pili lilikuwa limeshaingiwa na ukungu mweupe, na lile lililobaki lilianza kufuata mkumbo. Juzijuzi alimshonea bwana mmoja suruali, zipu ikaenda nyuma. Yule bwana aliirudisha kwa adabu, akauliza kama huo ndio mtindo mpya.

Hospitali ilikubali kumpasua jicho, ila kwa sharti kwamba presha iwe imetulia. Na presha ya fundi ilitulia kila mahali. Kwa muuza dawa wa mtaani ilikuwa sawa. Kwa binti wa jirani anayesomea unesi ilikuwa sawa. Lakini akikalia lile benchi la chuma nje ya chumba cha upasuaji, ilipanda kama maziwa yaliyosahaulika jikoni. Mara mbili alirudishwa nyumbani na kanga yake begani.

Sababu aliijua. Nesi wa kupima presha pale alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe.

Siku ya mazishi wifi huyo alisimama mbele ya waombolezaji wote, akanyoosha kidole na kusema, "Huyu ndiye aliyemuua kaka yangu kwa chumvi!"

Fundi alikuwa na jibu, tena jibu zuri lenye ushahidi. Lakini lingemwaibisha marehemu hata hajafukiwa, kwa hiyo akalimeza. Halikushuka. Miaka yote hiyo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, na mawifi hao wawili hawakusemezana tena.

Alikuwa ameliombea jambo hilo kwa utaratibu, kila alfajiri. "Ee Mungu, mhamishe wifi. Mpeleke hospitali kubwa, ya mbali, yenye mshahara mnono, isije ikaonekana ni chuki." Mungu hakumhamisha. Labda aliuona ujanja.

Safari ya tatu daktari wa macho, mama mmoja mnene mwenye haraka zake, alimwita pembeni.

"Mama, leo ndiyo siku ya mwisho. Hawa wapasuaji wageni wakiondoka ni mpaka mwakani. Na jicho lako halitasubiri mwakani. Dawa za presha unameza?"

"Nameza."

"Basi shida ni ubongo."

Fundi akajivuta nyuma. "Ubongo wangu mzima, daktari. Nimelea watoto wanne na mume kwa ubongo huuhuu."

"Sijasema una wazimu. Nisikilize. Ukiona simba, ubongo unapeleka ujumbe kwenye vitezi viwili vilivyokaa juu ya figo. Vinamwaga homoni kwenye damu. Moyo unakimbia, mishipa inabana, presha inapanda, ili upate nguvu za kutoroka. Simba akiondoka, homoni hiyohiyo ikirudi kichwani ndiyo inayouambia ubongo, 'Inatosha, funga bomba.' Na ubongo una kemikali zake nyingine za kushika breki. Wewe bomba lako halifungwi."

Fundi akafikiri. "Kwa hiyo kichwani mwangu kuna mlinzi anayepuliza filimbi, na hajui kwamba mwizi ameshaondoka?"

"Hasa. Sasa simba wako ni nani?"

Viatu vikasikika koridoni, vile vya kisigino kifupi, ko-ko-ko.

"Anakuja," akasema fundi.

Daktari alimwambia afumbe macho na kuvuta pumzi taratibu. Akafumba. Lakini nani amewahi kufumba masikio? Viatu alivisikia. Na pua nayo ilikuwa kazini: marashi ya karafuu, yaleyale ya siku ya mazishi. Moyo ukaanza kutwanga. Wifi akamfunga kile kitambaa mkononi bila salamu, mashine ikanguruma, ikapumua.

"Mia na tisini na nane," wifi akasema, akiiambia dari.

Daktari akasonya. "Kaeni hapo. Nikirudi mnapima tena kwa mara ya mwisho." Akaondoka, akawaacha simba na swala kwenye benchi moja.

Wifi alitazama ukuta huu, fundi ule. Hatimaye wifi, kwa kukosa la kufanya, akanyoosha mkono kutundika kitambaa cha presha kwenye msumari.

Kraaa!

Sauti hiyo ya mshono kufumuka fundi angeitambua hata akiwa kaburini. Mdomo ukatangulia kabla kinyongo hakijaamka.

"Kwapa hilo. Sogea hapa."

"Niache."

"Utapitaje wodini umeachia kwapa wazi, wagonjwa wote watapona kwa mshtuko? Sogea!"

Wifi akasogea. Fundi alichomoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake, mahali inapokaa siku zote na uzi wake umezungushiwa. Akaulenga uzi kwenye tundu. Ukapita pembeni. Akaulamba, akalenga tena, ukapita huku. Wifi alitazama weee, kisha akamnyang'anya sindano, akatunga uzi, akamrudishia.

Fundi akaanza kushona kwa kupapasa.

"Usitikisike, nitakuchoma."

"Natetemeka. Naogopa."

"Unaogopa nini mtu mzima?"

"Una sindano mbavuni mwangu, na mimi nilikutukana mbele ya watu."

Fundi akavuta uzi.

"Wifi," yule nesi akasema, sauti imeshuka, "kaka yangu alikuwa anakuja kwangu kula. Kila jioni akitoka kazini. Nyama ya kukaanga. Alisema chakula chako kina ladha ya maji ya kuoshea vyombo. Ile chumvi niliiweka mimi."

"Najua."

"Unajua?"

"Alikuwa anarudi na mafuta kwenye masharubu. Anakaa mbele ya mboga zangu zisizo na chumvi kama mfungwa, anakula vijiko viwili, anasema ameshiba ghafla. Nilimpikia vile kwa amri ya daktari."

"Na siku ile ukanyamaza!"

"Ningesemaje? Watu wanalia, nisimame niseme marehemu alikuwa mdokozi?"

Wifi akaguna, guno likageuka kicheko, kicheko kikageuka kilio, halafu vyote vikaja pamoja na kamasi.

"Nisamehe, wifi yangu."

"Nimekusamehe. Sasa tulia, mwili wote unacheza ngoma."

Fundi akakata uzi kwa meno. Kule juu kichwani, yule mlinzi akashusha filimbi, akakaa chini, akavua viatu.

Daktari aliporudi, mashine ilisoma mia na arobaini na nane. Akapima mwenyewe tena. Ikapungua kidogo.

"Mmefanya nini?"

"Simba ameokoka," akasema fundi, akaingia kupasuliwa.

Kesho yake asubuhi ni wifi mwenyewe aliyemfungua bendeji. Mwanga ukaingia kama maji. Fundi alimshukuru Mungu kwa sauti, akaona dari, akaona dirisha, akaona uso wa wifi yake, umezeeka kidogo, unamsubiri. Kisha jicho likashuka mpaka kwenye lile kwapa. Mshono ulikuwa umepanda, umeshuka, umekwenda kushoto, umerudi, na uzi wenyewe ulikuwa mwekundu juu ya sare nyeupe.

"Ee Mungu! Wifi, umetembea na kitu hiki hospitali nzima?"

"Tangu jana."

"Na hukusema?"

"Nilikuonea huruma," akasema wifi. "Nikahofia presha."