Filimbi Iliyokula Keki

Milango miwili, haina komeo wala bawaba, mchana wazi na usiku wazi, na bado mgeni akibisha haingii. Ni nini? Gapsun alikuwa na jibu pande zote mbili za kichwa chake, chini ya skafu, na kwa miaka mingi hakumtegea mtu kitendawili hicho, asije akakitegua.

Alikuwa mpiga mbizi. Mama yake alipiga mbizi, bibi yake alipiga mbizi, na pwani ile ya kisiwa cha Jeju mwanamke hakuulizwa anataka kuwa nani. Unashuka bila mtungi wa hewa, unabandua kombe mwambani, unaibuka. Maji yanakupa uji wa watoto, nayo yanachukua masikio, taratibu, kama panya anavyotafuna gunia kutokea chini. Ndiyo maana wanawake wa pale huongea kwa kupayuka. Watalii wakipita karibu na ua wa mawe, pale wapiga mbizi wanapootea moto, hudhani kuna ugomvi wa mirathi, kumbe mtu anaomba apitishiwe kiazi.

Mpiga mbizi akiibuka huachia pumzi kwa mluzi mwembamba, hwiii, na kila mmoja ana mluzi wake kama alivyo na jina lake. Wanashuka wawiliwawili. Kazi yako ni kuusikia mluzi wa mwenzako. Usipousikia, ujue kuna jambo kule chini. Mwenzake Gapsun alikuwa Malja, mdogo kuliko yeye kwa mwaka mmoja, na walikuwa pamoja tangu walipokuwa na meno yao yote. Mluzi wa Malja ulikuwa umekoma kumfikia Gapsun tangu lini, mwenyewe hajui. Alichofanya ni kulitazama boya lake la rangi ya chungwa. Boya likitikisika, Malja kalishika; likitulia, yuko chini.

"Dada, umenisikia leo?" Malja humuuliza wakivua suti za mpira.

"Kama kengele! Na mimi je?"

"Wewe? Unalia kama birika!"

Na wote wawili huridhika.

Sasa, mwaka ule katika kijiji cha jirani mama mmoja alizimia majini, na mwenzake hakukisikia kimya chake. Aliokolewa, lakini habari ilienea. Mwenyekiti wa wapiga mbizi, Inhwa, mwanamke mwenye kifua kama kabati, akatoa amri: baada ya sikukuu ya mavuno kutakuwa na mtihani wa masikio. Atakayeshindwa ataacha kilindi na kuhamia Bahari ya Mabibi. Hiyo ni sehemu ya maji ya kiunoni waliyotengewa wazee, ambako ukisimama samaki wanayacheka magoti yako.

Gapsun aliiogopa Bahari ya Mabibi kuliko kaburi. Kaburini angalau hakuna anayekupita na boya lake akielekea kilindini, huku akikupungia mkono. Na huyo mpungaji, Gapsun alimwona waziwazi, angekuwa Malja, na pembeni yake mwenza mpya.

Kwa hiyo mwanawe Dongsik alipopiga simu kutoka Seoul, alikiri jambo ambalo hakuwahi kulikiri.

"Sisikii, mwanangu."

"Nini, mama?"

"SISIKII!"

"Mama, punguza sauti, niko ofisini."

Vifaa vya kusikilizia vilifika, viwili, vidogo kama mbegu za boga. Siku ya kwanza Gapsun alisikia friji yake ikilalamika, akaiomba radhi. Alizisikia kandambili zake mwenyewe. Alimsikia mbwa wa jirani, aliyekuwa akimsifu siku zote kwa upole, kumbe anabweka tangu alfajiri. Alijisikia akimeza uji, akaona aibu. Tatizo lilikuwa moja: vifaa havitakiwi kuingia majini. Mpiga mbizi kaletewa masikio, na bahari ni mwiko kwa masikio hayo! Alicheka peke yake jikoni, kicheko chenyewe kikamshtua. Lakini mtihani ulikuwa wa nchi kavu.

Kesho yake kwenye ua wa mawe alimtegea Malja kitendawili kwa sauti ya kawaida, ile aliyokuwa ameisahau kabisa.

"Malja, nani huyu: nje sindano, ndani dhahabu?"

Jibu lake ni yule mnyama wa baharini mwenye miiba nje na mayai ya manjano ndani, waliyemjaza kapu zima asubuhi ile ile. Malja aligeuza kiazi motoni.

"Mgongo? Afadhali kidogo, dada. Jana nilikandwa."

Gapsun aliinuka. Akazunguka nyuma yake. "Malja, sketi yako inaungua."

Malja aliendelea kugeuza kiazi chake.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Miaka yote hiyo Malja alitegemea masikio ya Gapsun, na Gapsun alitegemea masikio ya Malja, na kati yao wawili hapakuwa na sikio hata moja.

Siku ya mtihani jua lilikuwa limetoka baharini, safi kabisa. Inhwa aliwapanga wanawake wote mstari mmoja, nyuso zikiutazama ukuta wa mawe, migongo ikimwelekea yeye.

"Mkisikia filimbi, mkono juu! Hakuna kugeuka!"

"Nini?"

"HAKUNA KUGEUKA!"

"Aaa."

Gapsun alikuwa na vifaa vyake chini ya skafu. Na kwa kuwa alikuwa amedanganya kwa macho miaka mingi, aliona leo ajaribu uaminifu. Akafumba macho.

Alisikia upepo. Alisikia mawimbi yakikokota kokoto. Alisikia tumbo la Malja likinguruma kushoto kwake. Filimbi hakuisikia. Halafu akasikia nguo zikichakarika, akafumbua: mikono yote juu, isipokuwa wake.

"Mara ya pili!" Inhwa alipayuka.

Akafumba tena, akabana pumzi kama aliye chini ya maji. Upepo. Mtu akapiga chafya. Nguo zikachakarika. Akafumbua: mikono yote juu!

"Dada Gapsun," Inhwa alisema, na sauti yake kubwa ilijaribu kuwa laini, "pole. Bahari ya Mabibi si mbaya. Kuna mwani mzuri kule."

Gapsun aligeuka, akamnyang'anya filimbi, akaichungulia. Ndani kulikuwa na donge la keki ya mchele na unga wake wa maharage. Tangu sikukuu, Inhwa alikuwa ameiweka filimbi mfuko mmoja na keki. Kwa filimbi ile usingeweza kumwamsha hata nzi.

"Inhwa, filimbi imekula keki!"

"Keki?" Inhwa aliwageukia wengine. "Anasema nini?"

"Anataka keki," alisema mmoja.

"Maskini, ana njaa."

"Dada, keki ni baada ya mtihani!"

"Filimbi haijalia hata kidogo! Hamkusikia kitu!"

"Tumesikia sana," Malja alisema kwa fahari. "Kama birika."

Hapo ndipo Gapsun alipoutazama ukuta vizuri. Jua lilikuwa nyuma yao, na mbele yao, juu ya mawe, kilikuwa kimelala kivuli cha Inhwa, kipana kama mwenyewe. Kiwiko cha kivuli kikipanda, mikono inapanda. Wote walikuwa wakisoma ukuta. Na mpuliza filimbi naye hakujua kama amepuliza.

Donge lile lingetoka kwa pini moja ya nywele. Angepuliza mwenyewe, pale pale, wote wakiwa wamefumba macho, na mambo yangejulikana. Kijiji kizima kingehamia maji ya kiunoni. Yeye angebaki kilindini peke yake, na hakuna mluzi wa kusikiliza, na masikio yenyewe ameyaacha ufukweni.

Malja alikuwa anamtazama, mkono bado hewani, kausahau.

Gapsun alimrudishia Inhwa filimbi. "NIJARIBU MARA YA MWISHO, MWENYEKITI! NJAA ILINICHANGANYA!"

Alirudi kwenye mstari. Alipeleka mikono chini ya skafu kama anayeirekebisha, akachomoa kifaa kimoja, akachomoa cha pili, akavidumbukiza mfukoni pamoja na chenza. Kimya kikamrudia kama shuka la zamani. Akayakodoa macho ukutani.

Kiwiko kikapanda. Mkono wa Gapsun ulikuwa wa kwanza juu, mbele hata ya ule wa Malja.

"Mnaona?" Inhwa alipayuka. "Ilikuwa njaa tu! Mpeni keki!"

Mchana wakaingia kilindini. Gapsun aliibuka kwanza, akalishika boya lake, akakodoa macho kwenye boya la pili. Lilitulia. Likazidi kutulia. Kisha likatikisika, na Malja akachomoza, mdomo ameuviringa kama anayepuliza uji wa moto. Kabla hata ya kuvua miwani aligeuza kichwa kulitafuta boya la Gapsun, haraka, kama mama anayemtafuta mtoto sokoni. Alipoliona, mabega yakamshuka. Gapsun hakuwahi kuliona hilo, maana kila siku yeye naye alikuwa na kazi ya kutazama boya, si uso wa mtu.

"Dada! Umenisikia?"

"KAMA KENGELE!"

Malja alifikiri kidogo, akatazama jua.

"Kengele ya saa ngapi? Bado mapema! Tushuke tena!"

Wakashuka.